Fundi wa Simu Anajibu: Mamangu Anadaiwa Lon Ambayo Hakukopa

Haya wasomaji wangu, mwezi uliopita niliandika hapa mstari mmoja tu, kwamba kama una mzee nyumbani chukua simu yake upige *106# uone kuna nini, basi tangu siku hiyo sijapumzika, mpaka kibandani kwangu Mwembe Tayari, hapa Mombasa, watu wanakuja na simu za mama zao mkononi. Leo nimechukua maswali matano. Nimeyafupisha, na majina nimeyatoa, wengi wenu mliniomba hivyo na hata msingeniomba ningeyatoa tu.

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Mimi niko Kibokoni, mamangu ana miaka 74, simu yake ni kabambe ya kubonyeza, mambo ya app hayajui kabisa. Sasa tangu Ramadhani anapigiwa na watu wanamwambia ana deni la lon ya simu, 11,400, na wanaongea vibaya mno, juzi wakampigia mpaka jirani yetu. Mama analia, aapa hakuchukua pesa ya mtu. Nilipomdadisi ndio akakumbuka kuna vijana wawili walipita mtaani na kadi zimening'inia shingoni, wakasema wanaandikisha wazee kwa zile pesa za serikali, wakapiga picha kitambulisho chake mbele na nyuma, halafu yeye mwenyewe wakampiga picha amekaa barazani. Kaka yangu asema tulipe tu yaishe. Nifanye nini? (Binti, Kibokoni)

JIBU: Wa aleikum salaam. Mwambie kaka asilipe hata shilingi. Ukilipa deni ambalo si lako ushakubali ni lako, na mwizi akijua huyu mama analipiwa na wanawe atakopa tena.

Nikueleze ilivyofanyika manake ukiielewa hutaogopa. Lon za simu hazitolewi kwa kitambulisho peke yake, zinataka laini iliyosajiliwa kwa hilo jina na M-Pesa yake. Kwa hivyo yule kijana na picha zake alisajili laini mpya kwa jina la mama, akafungua M-Pesa, akakopa, akatoa pesa, laini akaitupa. Namba halisi ya mama huenda aliiweka kama mtu wa kupigiwa mkopaji akipotea, ndio maana sasa kelele zinamfikia yeye. Simu yake ile kabambe haikuguswa hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani mzee asiye na simu kubwa hawezi kuibiwa.

Sasa kazi. Piga *106# kwa laini ya mama, itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba ya kitambulisho chake. Ukiona namba msiyoijua iandike chini. Kumbuka kampuni moja haikuonyeshi laini za kampuni nyingine, kwa hivyo hizo nyingine mkaulize dukani kwao. Halafu mama mwenyewe, na kitambulisho chenyewe si fotokopi, aende duka la kampuni ya simu, duka lao kabisa si kwa ajenti wa kibanda, aseme hii laini siitambui ifungwe. Najua miguu yamuuma na foleni ni ndefu lakini hii hawezi kwenda mtu mwingine, na wala tusilalamike, hiyo hiyo ndiyo sheria inayomzuia mwizi.

Kutoka hapo muende polisi mpate namba ya OB, yaani ile ya kitabu chao cha kuandikia ripoti. Usikubali kuambiwa haya ni mambo ya familia. Kutumia alama za utambulisho za mtu kwa hila ni kosa, liko kwenye sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, kifungu cha 29, faini mpaka 200,000 au jela mpaka miaka mitatu au vyote viwili. Mkiwa na OB waandikieni hao wenye lon, kwa maandishi si kwa simu, muulize maswali mawili tu: pesa zilitumwa namba gani, na tarehe gani. Wakishajibu hayo mambo mengi yataonekana yenyewe.

Na hao wanaompigia jirani wanavunja sheria wao pia. Tangu 2022 kampuni za mikopo ya simu zatakiwa ziwe na leseni ya Benki Kuu, na kanuni zenyewe zawakataza kutukana mtu na kusumbua watu walioko kwenye simu ya mkopaji. Angalia kama jina lao liko kwenye orodha ya Benki Kuu. Mengine pelekeni malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data, ni bure, yatumwa hata kwa intaneti, na sheria ya mwaka 2019 yasema lalamiko likamilishwe kwa siku 90.

Bado moja na hii watu huisahau: CRB, zile kampuni zinazoweka rekodi za madeni ya watu. Ziko tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Muombe ya mama. Kama hilo deni limeandikwa mulipinge hapo hapo, ama siku moja mjukuu atataka mama amdhamini mahali aambiwe huyu mama ni mdeni sugu, mama wa watu hajawahi kukopa hata sukari kwa jirani.

Kuhusu wale vijana. Pesa za Inua Jamii kwa wazee ni za kuanzia miaka 70, 2,000 kwa mwezi, na uandikishaji wapitia kwa chifu na maafisa wa ustawi wa jamii. Mtu akija barazani na tablet aambiwe karibu, kaa kitako, kunywa chai, na kitambulisho kinabaki ndani mpaka mzee wa mtaa aje athibitishe. Mkweli atangoja. Tena mwambie mama hakukosea kuwakaribisha, sisi ndivyo tulivyolelewa, mgeni hafukuzwi barazani.

SWALI: Fundi, mimi ni mstaafu wa bandari, nakaa Changamwe. Nilipigiwa na mtu akanitaja majina yangu yote matatu, akasema laini yangu ina tatizo itafungwa jioni. Akauliza namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa nikampa, na akaniuliza watu ninaowapigia sana nikamtajia. Pini sikutoa, ile naijua. Baada ya nusu saa simu ikapoteza mtandao, nikadhani ni stima zimepotea kule kwenye milingoti. Kesho yake naamka 63,000 za pensheni hazipo. Wanangu sasa wamenichukulia kadi ya benki na simu, wamenipa kisimu hakina kitu, wananisemesha kama mtoto. Miaka 31 nimesimamia watu na mizigo, leo mimi ni mjinga? (Mstaafu, Changamwe)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ujinga haupo hapo. Ulishikwa na mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake kutwa kucha, na wewe ulikuwa unakula tu chakula chako cha mchana.

Uliloibiwa ni laini. Wenyewe waita kuswapiwa. Yale uliyoyataja, kitambulisho, mwaka, watu unaowapigia, ndiyo maswali anayoulizwa mtu aliyepoteza simu akitaka laini yake irudishwe kwenye kadi mpya. Yeye akayajibu kwa niaba yako, kadi mpya ikawashwa mkononi mwake na yako ikafa. Toka hapo meseji za benki zilikuwa zinamwendea yeye, zile namba za kuthibitisha zote. Kwa hivyo mtandao ukikatika ghafla na jirani yako anao, hiyo si stima. Azima simu ya mtu dakika hiyo hiyo. Kama laini ni ya Safaricom piga 100, kama ni nyingine piga ya kampuni yako, halafu benki wafunge akaunti, maelezo mtatoa baadaye.

Majina yako matatu aliyapata wapi? Ukitumiwa pesa au ukitaka kutuma jina latokea. Na daftari za maajenti, kule ambako bado zatumika, fikiria lile daftari kubwa limekunjika pembe, limefungwa na uzi kalamu ikining'inia, jina, kitambulisho, namba ya simu, sahihi, ya kwako na ya watu hamsini waliokutangulia, na kila mtu kwenye foleni anasoma huku akingoja zamu. Mtu akitaja jina lako hajathibitisha lolote zaidi ya kwamba ajua kusoma.

Safaricom wenyewe wasema wakikupigia ni kutoka 0722 000 000 tu. Namba nyingine yoyote kata. Najua ni vigumu, kwa umri wako kumkatia mtu simu anaongea ni utovu wa adabu, na wezi wategemea hapo hapo, kijana ana sauti nzuri, anakuita mzee wangu, anakupa pole ya joto. Basi usimkatie kwa ukali, mwambie "mwanangu ntakupigia mimi," halafu weka chini, upige 100 wewe mwenyewe. Meseji za utapeli zitume 333, ni bure. Na leo hii, kabla hujafanya lolote, piga *100*100#, hiyo yafunga laini yako isiswapiwe kokote ila uende mwenyewe dukani kwao.

Sasa wanao. Soma hii sehemu kwa sauti wakiwa wamekaa. Mimi mwenyewe mamangu aliwahi kuliwa 4,500, akaniambia, nikapiga kelele mpaka majirani wakasikia, nikamwita majina ambayo leo nikiyakumbuka nataka ardhi inimeze. Mara ya pili alipoibiwa hakuniambia. Nilikuja kujua baada ya miezi mitatu na hapo zilikuwa zishafika 38,000, manake yule mwizi aliendelea kurudi na mama aliendelea kunyamaza. Ile 4,500 aliiiba mwizi, zile nyingine nilimfungulia mlango mimi.

Kadi mrudishieni mzee. Kama mnaogopa fanyeni hivi, mimi nyumbani kwetu ndivyo tulivyofanya: awe na laini mbili. Moja ya watu, ya msikitini, ya michango ya harusi na matanga, ya kila mtu. Nyingine ya pesa tu, ile iliyounganishwa na benki na pensheni, iko kwenye kisimu kidogo ndani ya kabati na namba yake haijui mtu zaidi ya yeye na mmoja wenu atakayemchagua mwenyewe. Amchague yeye, sio mpigiane kura ninyi. Mwizi atapigia ile ya watu na hatakuta kitu.

SWALI: Fundi hujambo. Shangazi yangu ako kwenye group ya WhatsApp ya kina mama wa chama, mmoja wao akamwandikia "mpenzi nimetuma namba sita kwako kwa makosa nirushie tafadhali", akarusha. Sasa WhatsApp yake imefunga na huyo mtu anaomba pesa kwa jina la shangazi, binamu yetu aliyeko Saudia ashatuma tayari. Shangazi haoni uso wa kuonyesha chamani. (Tudor)

JIBU: Sijambo. Yule "mpenzi" wa kwanza naye alikuwa ashaibiwa, ndio maana ujumbe ulikuja kwa jina analolijua. Wanaruka hivyo hivyo group nzima kama moto wa makuti.

Futa WhatsApp kwenye simu yake uiweke upya, andika namba yake, zile namba sita zitakuja kwa meseji kwenye laini yake mwenyewe, aziingize. Akiingia yeye mwizi anatolewa. Ikikuuliza pini nyingine ambayo hakuiweka yeye, hiyo ameiweka mwizi, itabidi mngoje siku 7 ndipo iondoke, lakini hata hivyo kwa kuingiza zile namba sita mwizi ashatoka. Mazungumzo ya zamani hakuyaona, hayo yakaa kwenye simu si kwenye namba, mtulize shangazi kwa hilo manake najua ndilo linalomuuma zaidi. Mkirudi ndani nendeni kwenye mipangilio ya akaunti mumuwekee pini ya hatua mbili, ambayo si mwaka wake wa kuzaliwa.

Binamu wa Saudia mpigieni sasa hivi kwa simu ya kawaida. Na mkubaliane neno. Sisi kwetu mtu akiomba pesa kwa meseji aulizwa swali la nyumbani, mfano paka wa nyanya aliitwaje, akishindwa hapati kitu hata kama picha ni yake na sauti ni yake, siku hizi hata sauti za bandia zatengenezwa.

SWALI: Babangu akienda jengo lolote mjini askari wa getini anachukua kitambulisho anabaki nacho. Ni sawa? Na saiba, kule kwa kompyuta za kukodi, wakitoa fotokopi?

JIBU: Mwambie mzee aonyeshe na atoe namba iandikwe, kitambulisho kirudi mfukoni. Wengine watabisha, basi atoe kadi nyingine yenye picha isiyo na mambo ya pesa. Fotokopi achore mistari miwili ya kukata kati kati aandike "ya bima tu" na tarehe, kalamu ipite juu ya picha na namba lakini visomeke. Saiba asimame hapo hapo, na ile iliyotoka imekosewa aichukue pia, hizo ndizo hufungiwa viazi karai. Na kama amempelekea mwenye saiba picha kwa WhatsApp aichapishe, asimame mpaka ifutwe kwenye kompyuta.

SWALI: Fundi, mimi mjukuu niko Likoni. Nyanya yangu ana 81, macho yamepungua. Kila mwezi namtumia kitu kidogo kutoka Nairobi lakini kikiingia chamezwa na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na yeye hajui Fuliza ni nini. Nimekuja likizo nikaangalia, kumbe mtoto wa mjomba wetu ndiye humtolea pesa kwa ajenti na ndiye anayechukua hizo Fuliza. Pini nyanya ameandikiwa kwenye kikaratasi, amekikunja pamoja na kitambulisho akafunga kwenye pindo la leso. Nilipomwambia aliniangalia tu akasema "usiseme, mtoto wa watu ataharibikiwa." Hapo sijui nishike wapi. (Likoni)

JIBU: Ahsante kwa kuandika manake swali hili napata watu kumi wanalotaka kuliuliza na mmoja tu ndiye anauliza. Tunaogopa vijana wa Kamiti, wale wafungwa wanaotapeli watu kwa simu, na kumbe wengi wa hawa wezi wako nyumbani, wanakula sahani moja na mzee.

Nyanya ashakwambia usiseme, basi usimpeleke kijana polisi bila ridhaa yake, uamuzi huo ni wake na akili zake ziko timamu. Lakini kufunga mlango hakuhitaji ruhusa ya mwizi. Anza na pini. Usimchagulie wewe. Mpe simu mkononi, muweke kidole gumba kwenye namba 5, kile kitufe kina kidutu kidogo kimevimba, hata kipofu hukihisi. Kutoka hapo mfundishe njia: moja juu, moja chini, rudi kati, pembeni. Azoee kama anavyojua njia ya kwenda chooni usiku bila taa. Namba zenyewe azichague yeye, usizijue hata wewe, mwambie ageuke ukutani. Si 1944 wala mwaka wowote ulioandikwa kwenye kitambulisho. Mpe siku mbili tatu, atakosea, atakasirika, atasema nimechoka na haya mashine yenu, mpe chai mwendelee.

Halafu omba stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita, mkae naye, umsomee mstari kwa mstari kwa sauti ya kawaida bila kushtuka wala kusema "angalia hii!" Hii 1,500 ulitoa wewe nyanya? Hii 800? Wewe unasoma, yeye anajibu. Akiona mwenyewe zilivyopangana atabadilisha lile neno lake la usiseme, ama hatabadilisha, lakini atakuwa anajua. Deni la Fuliza mlimalize, manake lisipolipwa kila kinachoingia kitaendelea kumezwa, kisha piga 100 uulize namna ya kumtoa kabisa kwenye hiyo huduma, na wewe kwa miezi miwili mitatu usitume kwa laini hiyo, mtumie kupitia mtu mwingine wa nyumbani unayemwamini.

Ajenti naye mwendee. Si kwa ugomvi, nenda na nyanya asubuhi kabla hakujawa na watu, akae kwenye kile kibenchi, mwambie ajenti huyu ndiye mwenye laini, kuanzia leo hatoi pesa ila akija mwenyewe na kitambulisho chake na abonyeze pini kwa kidole chake. Ajenti ajua hivyo ndivyo inavyotakiwa tangu zamani, alikuwa anampendelea tu kijana kwa kuwa amezoea sura yake.

Na kuhusu kijana, muite mjomba, muwe wawili watatu tu, nyanya awepo. Kijana usimwite mwizi mbele ya nyanya. Weka stetimenti mezani ukae kimya, na umuache mjomba aulize. Mara nyingi kuna sababu nyuma yake, kamari za simu ndizo ninazoziona sana hapa kibandani, na hiyo ni habari nyingine ambayo itabidi mjomba aikabili mwenyewe.

Kile kikaratasi cha kwenye leso kichomeni jikoni, nyanya akitazama, leo jioni kabla hajalala.